Kuvalisha upya magodoro ya ndani ya mashua kwa gharama ndogo

Mkaazi wa Raskazone (Tanga):
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nina mashua ya matanga ya faiba yenye urefu wa mita 9. Ndani yake mna magodoro mawili ya pembeni, ambayo mchana ni viti na usiku ni vitanda, pamoja na la omo, yaani la sehemu ya mbele ya mashua, ambalo huwa jembamba kadiri linavyokwenda mbele. Vitambaa vimechakaa, mishono imeachia, na upande wa chini una madoa meusi ya ukungu. Fundi wa makochi amenitajia bei inayokaribia ya tanga jipya, kwa kuwa anataka kubadilisha kila kitu hadi sponji. Mke wangu ana cherehani ya kawaida na ushonaji anaujua. Naomba mnishauri kipi kibadilishwe na kipi kiachwe, na kama raksini (kitambaa cha plastiki mfano wa ngozi) itafaa, maana husafishwa kwa kupangusa tu.

Fundi wa Viti (Mombasa):
Waaleikum salaam. Anza kwa kuichunguza sponji, kwa sababu ndiyo inayokula fedha na mara nyingi haina kosa. Vua kava, bonyeza kwa kiganja mahali panapokaliwa sana, kisha achia: ikirudi juu upesi, wala haipukutishi ungaunga, bado inafaa. Ioshe kwa sabuni kidogo na maji mengi yasiyo na chumvi (visima vya karibu na ufuo havifai, maana maji yake huwa na chumvi), kwani chumvi ikibaki ndani itaendelea kuvuta unyevu wa hewani na kava jipya halitakauka kamwe. Ikamue kwa kuikanyaga, kisha isimamishe penye kivuli na upepo, kwa sababu jua kali huichakaza. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiiguse, maana inakula sponji yenyewe.

Sponji iliyolegea kidogo huhitaji tu kuzungushiwa tabaka moja la pamba ya polista ili ilijaze kava. Iliyokufa kabisa ndiyo ununue nyingine, na hapo nenda dukani na mizani. Godoro la sentimita 190 kwa 60, lenye unene wa sentimita 10, lina mita za ujazo 0.114, kwa hiyo sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo itakuwa na uzito wa kilo 3.4 hivi. Ukipima ukakuta kilo 2, hata muuzaji aisifu vipi, hiyo ni nyepesi na itabonyea mapema.

Raksini sikushauri kwa vitanda. Katika joto letu mtu huamka amelowa jasho, na unyevu ukishapenya kwenye mishono haupati pa kutokea. Tafuta kitambaa cha makochi cha polista. Hapa kwetu hupatikana Biashara Street, na vipande vya mwisho wa jora huuzwa kwa bei nafuu. Muuzaji asipokijua, omba nyuzi chache uzichome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, ilhali polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa kushonea nao uwe wa polista, kwa kuwa wa pamba huoza haraka baharini.

Mwana wa Lamu:
Nakubaliana na fundi, isipokuwa kuhusu raksini. Mahali pa kwanza chini ya ngazi, anapokaa kila mtu anayeshuka akiwa amelowa maji ya bahari, mimi ningeiweka kwa upande wa juu tu. Pia nashangaa kuwa hakuna aliyetaja mbao. Ukungu wa chini husababishwa na jasho na unyevu wa ngama (sehemu ya chini kabisa ya mashua, panapotuama maji) unaonaswa kati ya godoro na ubao, kwa hiyo toboa ubao huo matundu, au weka vipande vyembamba vya mbao vyenye nafasi katikati. Bila hivyo utashona tena baada ya muda si mrefu.

Mkaazi wa Raskazone (Tanga):
Ahsanteni sana. Nimebonyeza: la omo bado linafaa, ila kati ya yale ya pembeni moja limekufa. Kipimo cha la omo nitakipataje, na zipu ikae wapi?

Fundi wa Viti (Mombasa):
Usipime kwa futi. Fumua kava kuukuu mshono kwa mshono, kila kipande ukiandike kulia, kushoto, juu au chini kabla hujakitoa, kisha utumie vipande hivyo kama ruwaza. La omo lina ukingo ulioinama kufuata ubavu wa mashua, na kwa futi utaukosa. Sponji mpya ikatwe ikizidi kava kwa sentimita moja hivi ili kitambaa kikae kimenyooka. Zipu ikae upande wa nyuma, ikunje kona zote mbili, iwe ya meno ya plastiki. Upande wa chini tumia polista ya bei ya chini, na mapambo ya kamba pembezoni yaache, kwani yanaongeza kazi kwa cherehani ndogo. Mama atumie sindano namba 16, na aanze na mito ya kuegemea, ambayo ni midogo na kosa lake halitagharimu kitambaa kingi.