Leza imewasha MDF nikiwa nimeshuka chini. Nisaidieni kabla sijafukuzwa

karakana_ndogo
Wakuu, salamu. Nina mashine ya leza ya CO2, wati 60, orofa ya tatu huku River Road. Nakata vibao vya majina, vishikio vya funguo na yale maandishi ya kuchomeka juu ya keki. Jumanne nilipanga majina 40 kwenye MDF (ule ubao wa unga wa mbao na gundi) ya milimita 6, nikashuka kutoa pesa kwa ajenti. Foleni ikanishika. Kurudi, harufu imenipokea kwenye ngazi. Ndani ya kifuniko moshi wa manjano, na chini ya ule wavu wa vitundu moto unacheza taratibu kama wa jiko la mafuta ya taa. Kichwa cha mashine kinaendelea kuandika majina ya watu! Nilizima ukutani nikatupia gunia bichi. Lenzi imepasuka. Mwenye jengo amepanda mara mbili tangu siku hiyo. Ninunue nini? Binamu yangu anasema niweke kamera, niwe naangalia kwa simu.

mzee_wa_gikomba
Kamera itakuonyesha moto vizuri sana ukiwa kwa foleni. Mashine ikikata, wewe uko hapo. Haja ikikushika, isimamishe kwanza. Sisi Gikomba tumeungua, tukajenga, tukaungua tena. Usitufuate.

fundi_leza_kbangi
Pole ndugu. Kazi ya leza ni kuunguza, kwa hivyo swali ni nini kilikuwa kinazuia mwali usishike. Ni ile hewa ya pampu inayopulizwa kwenye ncha. Je, ilikuwa inapuliza? Mashine ikiwa imetulia, weka kidole chini ya ncha uisikie.

Halafu trei ya chini uliisafisha lini? Vipande vinadondoka, gundi ya MDF inageuka lami, cheche moja inatosha. Mimi naitoa kila jioni, na bomba la feni ya moshi nalipangusa kila wiki. Tena usikate polepole kwa nguvu zote, joto linakaa mahali pamoja. Afadhali upite mara mbili haraka. Ukifika kwa akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ongeza macho: mvuke wake wenyewe ndio unaoshika moto, na hautoi moshi mwingi wa kukushtua.

mama_vibao
Gunia bichi?? Tyubu ya leza inalishwa maelfu ya volti! Siku nyingine gonga kile kitufe chekundu cha dharura, hakikisha pampu na feni vimezimika, maana hivyo ndivyo vinavyouchochea, na kifuniko kikae kimefungwa. Moto usipokufa, tumia mtungi wa kuzimia moto, ule wa gesi ya CO2. Wa unga pia unazima, ila ule unga unaingia kwa reli na lenzi. Mimi niliuokoa ukuta, mashine nikaizika. Mtungi ukae karibu na mlango, si nyuma ya mashine. Na CO2 haipozi kitu, kwa hivyo ile MDF itoe ukaitumbukize kwa ndoo, inaweza kufuka ndani kwa ndani masaa mengi kisha iwake usiku. Moto ukishavuka mashine, toka na watu wako, piga 999.

viti_matatu
Naingilia kidogo. Mimi nakata kwa leza reksini, ile ngozi bandia ya viti vya matatu. Hewa ikiwa nzuri niko salama?

fundi_leza_kbangi
Reksini nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini. Acha leo hii. Hata isipowaka, moshi wake una hidrojeni kloridi: unakula mapafu, na reli zinashika kutu. Tumia kisu.

karakana_ndogo
Wakuu, nimefuata mpira wa pampu mpaka ukutani. Plagi ya pampu iko sakafuni. Mahali pake pana chaja ya simu. Kijana wangu anasema simu ilikuwa imebaki asilimia 4.

mama_vibao
😂 Ai! Masikini.

fundi_leza_kbangi
Mwite fundi wa stima aiunge pampu kwenye laini ya mashine yenyewe, ndani, kusiwe na plagi ya kuchomoa. Kabla hujafunga lenzi mpya, pangusa vioo vyote vitatu, huo moshi umevipaka. Ukiviacha vichafu, vitapasuka navyo.

karakana_ndogo
Sawa fundi. Kijana yuko na trei kwa bomba, anakwangua. Mtungi wa CO2 naenda kuuliza bei kesho. Ngoja, nasikia viatu vya mwenye jengo kwenye ngazi.