Fundi kasema tenki la chini linaingia lita elfu 23, boza la pili limemwagika nje. Naombeni msaada wa hesabu

Kibamba One:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua hesabu za ujazo maana hapa nyumbani ubishi haujaisha tangu juzi. Mtaani kwetu maji ya bomba ni ya mgao so nikaamua kujenga tenki la chini, fundi akachimba shimo futi 12 kwa futi 10 kwenda chini futi 7, tulikubaliana bei ya tenki la lita elfu 20 na yeye akasema bosi nimekuongezea, hili linaingia elfu 23 na ushee. Limekauka, nikaita maboza mawili ya lita elfu kumi kumi. La kwanza limeingia safi kabisa, la pili limefika kama nusu hivi maji yakaanza kutoka kwenye ovaflo yanaelekea uani kwa jirani. Dereva hataki kusikia, anasema kaleta elfu kumi anataka hela ya elfu kumi, maji yaliyobaki tukagawia majirani na ndoo zao. Nampigia fundi ananiambia piga mwenyewe kwenye simu, 12 mara 10 mara 7 mara 28.3. Nimepiga, inakuja 23,772. Sasa wakuu hizo lita elfu nane zimekwenda wapi? Boza limenipiga au fundi kanipiga? Shimo lilikuwa kavu, hata tone la mvua halijaingia.

Mshua wa Kona:
Pole mkuu. Hapo kosa ni kutumia futi, peleka kwenye mita kwanza. Futi ujazo 840, mita moja ni futi 3.28, kwa hiyo 840 gawanya 3.28 ni mita ujazo 256. Mita ujazo moja ni lita elfu moja, hapo una lita laki mbili na hamsini na sita elfu. Fundi anakuficha kitu.

Bint Pongwe:
@Mshua laki mbili na nusu hizo ni maboza 25, kwenye shimo la futi 12? Hata bwawa la samaki la bamdogo wangu halifiki huko 😂😂 Ile 3.28 ni ya urefu tu. Kwenye ujazo unaigawanya mara tatu, urefu, upana na kina, kila kimoja na yake. 3.28 mara 3.28 mara 3.28 ni kama 35.3, ndo futi ujazo 35.3 zinafanya mita ujazo moja. 840 gawanya 35.3 unapata 23.8, kwa hiyo ile 23,772 ya fundi kwenye karatasi iko sawa kabisa. Namba 28.3 nayo haijatoka hewani, futi moja ni sentimita 30.48, ukizidisha yenyewe mara tatu unapata 28,317, hizo ni sentimita ujazo na kila elfu moja ni lita. Boksi la futi moja kila upande linaingia ndoo moja ya lita 20 na karibu nusu ya pili.

Mshua wa Kona:
Haya mwalimu.

Ufundi Bomba:
Hesabu ya fundi iko sawa ila kapima kitu ambacho maji hayakai. Kapima SHIMO. Mkuu wewe hujanunua shimo. Ndani ya shimo umejenga ukuta, nadhani tofali za nchi sita, ukapiga lipu kama nchi moja, tayari nchi saba kila upande, pande mbili ni nchi 14 umepoteza kwenye urefu na nchi 14 kwenye upana. Chini kuna zege la sakafu na lipu yake, juu kuna slabu, alafu maji hayafiki kwenye slabu, yanaishia kwenye tundu la ovaflo. Shuka na futi kamba tenki likipungua, pima ndani kwa ndani, ukuta kwa ukuta, na kina pima kuanzia sakafuni mpaka mdomo wa chini wa bomba la ovaflo. Leta vipimo hapa.

Kibamba One:
@Ufundi Bomba ahsante. Sijasubiri lipungue, mdogo wangu anajua kuogelea nikamshusha na futi kamba na fimbo. Urefu ndani futi 10 nchi 10, upana futi 8 nchi 10, kutoka sakafuni mpaka ovaflo futi 5 nchi 8. Tofali kweli ni za nchi sita.

Zege la Moto:
Nimekupigia, 10.10 mara 8.10 mara 5.8 ni futi ujazo 474.5, zidisha 28.3 unapata lita 13,428. Kwa hiyo na boza nalo limekuibia au fundi kakuibia mara mbili.

Bint Pongwe:
Jamani. Futi 10 nchi 10 haiandikwi 10.10 kwenye kalkuleta! Futi ina nchi 12 sio 10, nchi 10 ni 10 gawanya 12 yaani 0.83. Iandike 10.83. Futi 8 nchi 10 ni 8.83. Futi 5 nchi 8 ni 5.67. Ukiandika 10.10 umeipunguza futi karibu robo tatu ya futi nzima, na upana hivyo hivyo, zikizidishana unapoteza lita karibu elfu mbili ambazo zipo kabisa kwenye tenki la watu. Hesabu sahihi 10.83 mara 8.83 mara 5.67 ni kama futi ujazo 542, mara 28.3 ni lita elfu 15 na mia tatu na kitu.
Na kwa anayechoka na nchi, kila futi kamba ina sentimita upande wa pili, geuza tu. Hayo hayo ni mita 3.30, mita 2.69 na mita 1.73, zidisha unapata 15.36, sogeza nukta unapata lita 15,360. Hakuna 28 hakuna 35. Mi watu wanaopima tenki kwa futi huwa siwaelewi kabisa.

Dereva Boza:
Kwa hiyo boza la kwanza elfu kumi limeingia lote, la pili limeingia elfu tano na kitu likamwaga. Mwenye uzi alisema nusu. Sasa mnaona? Sisi kila siku tunaitwa wezi. Tenki la gari ukilitazama kwa nyuma ni kama yai limelazwa, unapima upana wake na kimo chake na urefu wake unazidisha kisha unazidisha na 0.785. Langu ni upana mita 2, kimo mita 1 na 40, urefu mita 4 na 60, piga uone inakuja mita ujazo 10 na pointi kidogo. Mteja akitaka nampa ngazi apande achungulie kwenye mfuniko kama limejaa mpaka shingoni KABLA sijafungulia mpira. Ukishafunguliwa mpira hakuna ushahidi tena. Ila na nyie mkiita boza muwe mnajua tenki lenu linachukua ngapi, gari likishapakia maji tunarudi nayo wapi, tani kumi hizo.

Kijana wa Kongowea:
Waungwana salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu bauza nyingine zaandikwa elfu kumi ubavuni na ndani kuna vyuma vya kugawanya tenki na nyingine imebonyea chini, so maandishi si hoja. Njia niliyoizoea mimi ni ya kijiti. Hesabu mara moja eneo la sakafu ya tenki yako, mita 3.30 mara 2.69 ni karibu mita mraba 8.9. Maana yake kila sentimita moja maji yakipanda zimeingia lita 89. Shika kijiti ama bomba la plastiki la nusu nchi, lisimamishe hadi sakafuni, weka alama penye maji kabla bauza halijamwaga, likimaliza weka alama nyingine. Elfu kumi kamili lazima ipande sentimita 112. Ikipanda 95 mwite dereva mje muongee, hapo kakuletea elfu nane na nusu hivi. Kijiti hicho hicho asubuhi kwakwambia nyumba imetumia ngapi, ikishuka sentimita tano ujue ni lita 445.

Mama Wawili:
Hii ya kijiti nimeipenda. Ila tenki langu ni la duara lile la tofali, nalipimaje?

Kijana wa Kongowea:
@Mama Wawili pima upana katikati kutoka ukuta hadi ukuta, gawa kwa mbili, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe, kisha zidisha 3.14. Kama upana ni mita 2, nusu yake ni 1, moja mara moja ni moja, mara 3.14. Kila sentimita ni lita 31 na kitu.

Mzee wa Uniti:
Mnahangaika sana. Kama bomba linaingia nyumbani na kuna mita, subiri siku ya mgao, soma mita tenki likiwa tupu, fungulia mpaka ovaflo, soma tena. Uniti moja ya maji kwenye bili ni mita ujazo moja, lita 1000, ndoo 50 za lita 20. Zile namba nyeusi kwenye mita ni uniti kamili, nyekundu ni vipande vya uniti. Mita ikisogea kutoka 412 kamili mpaka 427 na nyekundu zinasoma 350, umeingiza lita elfu 15 na mia tatu hamsini. Hapo wala huhitaji fundi wala boza wala futi. Na hapo hapo linganisha bei ya uniti 10 za bomba na bei ya boza moja utalia.

Kibamba One:
@Mzee wa Uniti tatizo mgao wenyewe ni masaa machache na presha ndogo, halijai siku moja. Ila nimeelewa.
Swali lingine kabla sijasahau, kuna jamaa anauza tenki la plastiki limetoka nje, limeandikwa galoni 500 anasema ni sawa na lita 2500. Ni kweli?

Mdau wa Deira:
@Kibamba One hapana. Anahesabu galoni kama lile dumu la lita 5. Galoni ya kweli ziko mbili na hapo ndo watu wanapigwa. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Galoni 500 za Uingereza ni lita 2,273, za Marekani ni lita 1,893. Hakuna namna itafika 2500. Huku Dubai bili ya maji imekuwa ikija kwa galoni za Uingereza, mita ujazo moja wanaihesabu galoni 220. Angalia limetengenezwa wapi, kama ni Marekani hesabu na 3.785, na kama haijulikani muulize bei ya lita 1,900 usilipie zaidi ya hapo.

Shemeji Mkulima:
Naongezea hapo, hata debe. Debe la bati la zamani lililokuwa linakuja na mafuta ya taa lilikuwa galoni nne za Uingereza, lita 18 na kidogo. Watu wanahesabu debe lita 20 kama ndoo. Kwenye tenki la elfu 15 ukijaza kwa debe ukidhani ni 20 unakosea lita elfu moja na mia tatu na zaidi.

Zege la Moto:
Nani anajaza tenki la elfu 15 kwa debe mwaka huu 😂

Shemeji Mkulima:
Njoo kwetu kiangazi utaona foleni ya punda.

Kibamba One:
Turudi kwa fundi. Mkataba tuliandika kwenye daftari "tenki la lita 20,000". Yeye bado anashikilia kachimba zaidi ya tulichokubaliana kwa sababu shimo ni la 23,772. Nimdai au niache?

Ufundi Bomba:
Mimi ni fundi na nasema mdai. Mteja akiagiza lita elfu 20 ni za maji, sio za udongo uliotoka. Fundi anayejua anaanzia ndani anakwenda nje. Elfu 20 ni mita ujazo 20, gawanya kwa hiyo sakafu yako ya 8.9 unapata kina cha maji mita 2.25, hiyo ni kama nchi 89. Ongeza nchi sita za hewa juu ya ovaflo, slabu tano, zege la chini na lipu tano, jumla 105. Shimo lako lilitakiwa kwenda chini futi 8 na nchi 9, yeye kaishia 7. Kama hataki kwenda chini apanue pembeni. Ila kukuambia ubomoe sasa hivi ni kukupa hasara nyingine, ukuta wa tenki ukishapigwa lipu ya kuzuia maji usiuguse.

Mshua wa Kona:
Kwa bei ya lita elfu 20 kalipwa, kajenga ya elfu 15. Robo ya ujazo haipo. Arudishe robo ya hela ya ufundi.

Bint Pongwe:
Ufundi ndio, vifaa hapana, saruji na tofali zimetumika na ziko ukutani. Hakutia mfukoni huyo, hakujua tu. Mwenyewe nimeshaona wahitimu wa chuo wanapima hivyo hivyo.

Kibamba One:
Update wakuu. Fundi kaja jioni, nimemwonyesha huu uzi, kabisha mwanzo alafu mdogo wangu akashusha kijiti mbele yake, kanyamaza. Hela anasema hana. Tumekubaliana anijengee mnara wa simtank ya lita 2000 bila kunidai ufundi, mimi nanunua vifaa. Naona ni sawa au mnasemaje?

Ufundi Bomba:
Ni sawa. Ila lita 2000 ikijaa ni tani mbili kamili bila kuhesabu plastiki, na iko juu inatikiswa na upepo. Nguzo ziwe nne, kila moja iwe na kitako chake cha zege chini, na nondo ununue mwenyewe uhesabu mwenyewe zikiwa zinafungwa. Kwa jinsi alivyopima shimo, mnara usimwachie peke yake.

Dereva Boza:
Na juu ya slabu ya mnara simtank ikae kote, isibaki ukingo unaning'inia. Nimeona imepasuka chini kwa hivyo.