Bamia zimedumaa, naomba ushauri

Habari zenu wakulima. Niko Embakasi, kwenye udongo ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Bamia za Juni ziliota vizuri tu, mbegu nililoweka usiku kucha, lakini hadi sasa hazijapita kifundo cha mguu na majani yanageuka manjano. Najua ni mmea wa joto, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Baridi ya Julai si mchezo. Je, ning'oe nipande upya Septemba, au samadi iliyooza itaziokoa? Vidukari navyo vipo, ila hao nawamudu kwa maji ya sabuni. Mliovuna huku, mbegu mlitoa wapi? Mama mkwe anakuja Desemba kutoka Mombasa, na ameshaziulizia.