Asilimia 2 ya halmashauri ni mkopo, anayesimama na mtu kazini analipwa na nani?

DadaMkubwa: Wakuu habari za usiku. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, ana ulemavu wa akili ila si ule mkubwa, anaongea vizuri na daladala anapanda mwenyewe kama ruti anaijua. Mwaka juzi alipata kazi bekari ya mtaani, kupanga mikate kwenye kreti, kreti moja mikate 20. Wiki ya kwanza nilikuwa likizo nikasimama naye, nikamchorea viboksi 20 kwa chaki mezani, akishavijaza vyote anahamishia kwenye kreti, hakosei hata mmoja. Likizo ikaisha, nao wakabadilisha meza, chaki hakuna, dogo akaganda na anavyofokewa ndo kabisaa, wiki ya tatu naambiwa njoo umchukue. Nimeenda kata naambiwa aombe mkopo wa ile asilimia 2 ya halmashauri kwa wenye ulemavu. Mkopo wa nini jamani, dogo hataki genge, anataka mtu wa kusimama naye miezi miwili mitatu basi. Hivi serikali haina fungu la hilo?

Babu Kijiwe: Pole dada. Ile 10% ya mapato ya ndani ndo imegawanywa hivyo, 4 kinamama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Anayeshona au kufuga inamfaa sana, wa kuajiriwa kama dogo hapo hana chake. Ila kuna sheria ya 2010, mwajiri mwenye watu 20 kwenda juu, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Hao wa bekari wako wangapi?

DadaMkubwa: Saba, na mwenye mali wa nane 😂

Mbongo Minnesota: Dada hiyo uliyofanya na chaki huku ndo kazi yangu, tunaitwa jobu kochi. Nina kijana anakunja taulo hotelini, mwezi wa kwanza nilikuwa naye muda wote, nikambandikia picha za hatua kwenye toroli, sasa hivi nampitia mara moja kwa wiki. Bosi wake hanilipi hata senti. Jimbo ndo linanilipa na hela nyingi, kama 78.7%, inatoka serikali kuu, kwa sheria ya 2014 huduma hii ni hadi miezi 24, ikiisha wengi wanahamia fungu jingine hasa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu. Msidhani ni pepo lakini, hapo kwenye kuhama ndo watu wanakwama.

Msema Kweli: Hiyo Marekani kaka. Huku madarasa hayatoshi unataka halmashauri ilipe mtu wa kusimama?

Babu Kijiwe: Msema Kweli, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameandika mara ngapi mikopo isiyorejeshwa? Hizo hela zinatoka kila siku, ni vile tu hakuna aliyeandika kwenye kanuni kwamba zinaweza kumlipa mtu badala ya kukopeshwa. Dada peleka hili kwa diwani wako kabla ya vikao vya bajeti.

DadaMkubwa: Kwa diwani nitaenda. Ila nimeongea na mwenye bekari leo, kasema arudi Jumatatu kwa majaribio na meza haitaguswa. Kuna binti wa jirani kamaliza form four yuko nyumbani tu, nataka asimame naye mwezi mmoja, nimpe nauli, chakula na kiasi gani juu? Nisije nikamdhulumu mtoto wa watu.