Tupeane uzoefu: Mkate na keki za nyumbani, vipimo sahihi na sababu za kuharibika

UngaMweupe:
Wadau wa jikoni, habari zenu. Uzi huu ni wa kupeana uzoefu wa kuoka nyumbani. Naomba tusiandike "unga kiasi" wala "oka mpaka kiive". Tutaje gramu, joto na dakika, na anayejua kwa nini kitu kinaharibika aeleze.

Naanza na kinachoharibu mapishi mengi kabla oveni haijawashwa: kikombe cha unga. Kikombe cha mililita 240 ukikijaza kwa kijiko bila kushindilia kinabeba gramu 120 hadi 125. Ukikichovya moja kwa moja kwenye mfuko kinafika 150. Kwenye vikombe vinne umeshazidisha gramu 100, na mkate unatoka mgumu huku lawama zikienda kwa hamira. Mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, anunue mzani mdogo wa gramu, mashine ya kuchapia ingoje. Asiye na mzani atifue unga kwanza, ajaze kikombe kwa kijiko, kisha asawazishe juu kwa mgongo wa kisu.

Mkandaji:
Hapo kwenye mzani sina la kupinga. Mkate mweupe wa kawaida: unga wa ngano gramu 500, maji 310 hadi 320, chumvi 10, sukari 15, siagi au mafuta 20, hamira kavu 5 hadi 7. Chumvi ni asilimia 2 ya unga. Ukiiacha, donge linaumuka haraka kupita kiasi na mkate unakosa ladha.

Hamira kavu zipo za aina mbili. Ya chembe kubwa inalowekwa kwenye maji ya joto la nyuzi 38 hadi 43 kwa dakika 10. Isipotoa povu, imekufa, usipoteze unga wako. Ile laini inachanganywa na unga moja kwa moja. Maji yakikaribia nyuzi 60 yanaiua hamira yoyote. Huna kipimajoto? Maji yawe vuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua hata kidogo.

Kanda kwa mkono dakika 10 hadi 12. Kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole: kikiwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, gluteni (protini ya ngano inayolishika donge) imekomaa. Donge likinata mwanzoni, tafadhali usikimbilie kuongeza unga. Lifunike dakika 20, unga unyonye maji, kisha endelea. Kunata kwingi kunaisha kwenyewe.

Kuumuka usikupime kwa saa ya ukutani. Kwenye nyuzi 25 hadi 27 donge huchukua kama saa moja hadi saa moja na nusu kuongezeka maradufu, ila jikoni kukiwa na baridi muda unaweza kuzidi mara mbili. Baada ya kuliweka kwenye chombo cha kuokea, libonyeze kidogo kwa kidole. Likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, liko tayari kuokwa. Lisiporudi kabisa limepitiliza: toa hewa, liunde upya, liumuke tena kwa muda mfupi zaidi. Linaokoka likiwa halijaingia ovenini.

Oka nyuzi 200 kwa dakika 30 hadi 35. Mwenye kipimajoto cha kuchomeka ndani ya chakula, katikati ya mkate pasome 93 hadi 96. Utoe kwenye chombo mara moja, la sivyo mvuke unalowesha kitako. Na usiukate kabla ya saa moja: ndani bado panajishika, ukiukata moto unanata kwenye kisu kana kwamba haujaiva.

JikoSafi:
Ahsante sana mkuu. Mkate ukipasuka ubavuni sababu ni nini? Na ile harufu ya pombe?

Mkandaji:
Kupasuka ubavuni: haukuumuka vya kutosha mara ya pili. Ganda linakauka na kukaza wakati ndani bado kunapanuka, kwa hiyo linatafuta pa kutokea. Ongeza muda wa kuumuka, au chanja juu kwa kisu kikali kina cha sentimita moja. Harufu ya pombe: umeumuka kupita kiasi, au hamira ilikuwa nyingi, au mahali palikuwa na joto kali.

BiKeki:
Mimi niko upande wa keki. Njia rahisi kukumbuka: pima mayai bila maganda, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja uzito huohuo. Mayai manne ni kama gramu 200. Ongeza vijiko 2 vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, vanila, na vijiko 2 vya mezani vya maziwa. Inatosha vyombo viwili vya sentimita 20, nyuzi 180, dakika 22 hadi 25.

Siri iko kwenye siagi. Iwe na nyuzi 18 hadi 20, kidole kinazama lakini haing'ai kwa mafuta. Ichape na sukari dakika 4 hadi 5 mpaka iwe nyeupe nyepesi, maana hapo ndipo hewa inapoingia. Beking pauda inapanua mapovu yaliyokwisha kuwepo. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa, keki inatoka nzito.

Mayai yasiwe ya baridi: yaweke na maganda yake kwenye maji vuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha yatie moja moja. Mchanganyiko ukikatika, yaani ukiwa na chembechembe kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga uendelee. Unga wenyewe uchanganye kwa mwiko, uache mara weupe unapopotea. Kuchapa sana baada ya hapo ndiko kunakoleta keki ngumu yenye matundu marefu.

Ikizama katikati: umefungua oveni mapema, au haikuiva, au beking pauda imezidi. Hiyo ya tatu watu hawaiamini, lakini gesi ikijaa haraka kuta za keki zinabomoka kabla hazijakomaa.

LimauNaSoda:
Nyongeza: beking soda na beking pauda hazibadilishani kijiko kwa kijiko. Soda ina nguvu mara 3 hadi 4 na inahitaji kitu chenye uchachu: mtindi, limau, siki. Bila uchachu inaacha ladha ya sabuni. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga inatosha. Kujaribu uzima wake, soda itie kwenye siki, beking pauda itie kwenye maji ya moto. Zote zichemke povu palepale.

FundiJoto:
Namba za oveni nyingi si za kuaminika. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, washa oveni dakika 15 hadi 20 kabla ya kuoka, chombo kikae rafu ya kati. Oveni yenye feni punguza nyuzi 20. Keki ikipasuka juu na kuinuka kama kilima, joto ni kali. Shusha nyuzi 10 hadi 15 na uongeze dakika.

Wanaoishi mwinuko wa mita 1,500 na zaidi: gesi inapanuka zaidi huko, punguza beking pauda kwa robo hivi na ongeza kijiko kimoja au viwili vya mezani vya maziwa.

JikoSafi:
Na kuhifadhi mkate? Kwenye friji unakauka upesi.

Mkandaji:
Ni kweli, baridi ya friji inaharakisha wanga kukakamaa. Siku mbili tatu za mwanzo uache nje, umefungwa. Unaobaki ukate vipande, ufunge vizuri, uweke friza. Toa vipande unavyohitaji tu, viingie kwenye tosta vikiwa bado na barafu.