Mvua ikipiga bati, nitajuaje kama wa benchi la nyuma watasikia?

mtambo_ifakara: Wakuu, heshima kwenu. Kanisa letu lina urefu wa mita 28, bati tupu, dari hakuna. Masika yakianza, mahubiri yanaishia benchi la tatu. Wa nyuma wanaangaliana tu. Kamati inataka ninunue spika mbili kubwa zaidi. Kuna hesabu ya kupiga kabla hela haijatoka, au ni kununua na kuomba Mungu?

kibabage: Funga makubwa mkuu, mvua itanyamaza yenyewe 😂

fundi_maiki: Usimsikilize huyo. Mimi niliwahi kufunga makubwa kwenye ukumbi wa bati. Kelele ziliongezeka, maneno yakapotea, kwa sababu ukipandisha spika na mwangwi unapanda nayo. Nililipwa nusu, na hiyo nusu nayo kwa kusukumana.

Hesabu ipo. Inaitwa STI (Speech Transmission Index), yaani kipimo cha jinsi maneno yanavyoeleweka. Waholanzi Houtgast na Steeneken waliianzisha miaka ya 1970. Jibu lake ni kati ya 0 na 1. Njia ya mkato: siku kavu, pima mahubiri ukiwa benchi la mwisho. Siku ya mvua pima mvua peke yake, watu kimya. Simu haipimi desibeli vizuri, ila ukitumia hiyohiyo mara zote mbili, tofauti utakayopata inatosha. Toa mvua kwenye mahubiri, jumlisha 15, gawa kwa 30. Mahubiri 65, mvua 60, unapata 0.67: wanasikia. Mvua ikifika 70 unabaki na 0.33. Chini ya 0.45 watu wanabahatisha.

Hesabu kamili inapigwa kwenye mikanda saba ya masafa, yaani sauti nzito hadi nyembamba, kuanzia hezi 125 hadi 8000, na mwangwi unaingizwa humo. Ya mkato haiujui mwangwi, kwa hiyo ukipata jibu zuri usishangilie mapema.

Mimi ningeweka spika ndogo katikati ya kanisa, karibu na masikio ya watu. Ikiwa mita 14 kutoka za mbele, ichelewesheni milisekunde 41 hivi, sauti ya mbele ifike nayo pamoja.

mwl_isimu: Naongezea kipimo cha bure. Mvua ikinyesha, mtu asome madhabahuni bila mpangilio: pika, fika, shika, zika, vika. Wewe kaa nyuma uandike. Irabu zina nguvu, utazisikia tu. Konsonanti ndizo mvua inazila. Asisome sentensi, maana ubongo wako utajaza mapengo na utajidanganya.

mtambo_ifakara: Mrejesho: jana imenyesha kweli. Hesabu ya fundi imetoa 0.4. Maneno 20, nimepata 9. Spika kubwa nimewaambia kamati wasahau, naulizia bei ya dari la jipsamu. Mzee wa kanisa kasoma "vika", mimi nimeandika "zika". Na Jumamosi tuna harusi.