Gemu za kupanga vitatu vitatu zenye kisa ndani yake: ipi inafaa simu ya GB 2 na mtandao wa kubahatisha?

Uyole_Njiapanda (mleta mada)

Wakuu, kamwene. Na wa upande wa Tukuyu, mugonile.

Natafuta maoni ya wachezaji wenyewe, siyo zile nyota tano za Play Store. Simu ni ya RAM GB 2, hifadhi GB 32 na nusu yake imeshaliwa. Mchezaji ni mtu mzima, hataki vita wala mpira. Anataka kupanga vipande vitatu vya rangi moja vifutike ubaoni, huku kisa kinasogea: nyumba inakarabatiwa, bustani inafufuka, mambo ya hivyo. Safari zake ni Mbeya–Iringa kwa basi, mara mojamoja TAZARA hadi Dar, kwa hiyo mtandao ni wa kuja na kuondoka. Bajeti ya kununua sarafu za ndani ya gemu ni sifuri.

Kati ya Candy Crush, Homescapes, Gardenscapes na Royal Match, ipi haimnyanyasi asiyelipa? Kwa nini leveli za mwanzo zinateleza halafu ghafla mtu anakwama? Na lile tangazo la kuvuta pini ili jamaa asiungue na lava, mbona ukishusha gemu hulikuti?

Mwanjelwa_Vioo

Nianze na la tangazo maana ndilo linalowaumiza wengi. Homescapes na Gardenscapes zote ni za kampuni ya Playrix, na ndani ni kupanga vitatu tu. Zile pini zipo, ila ni vijimichezo vya pembeni vinavyojitokeza kwa nadra. Mwaka 2020 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya gemu hizo kwa sababu hayakuonyesha mchezo wenyewe ulivyo. Kwa hiyo ukiona pini, tafsiri yake ni moja: utakutana na ubao wa rangi.

Sasa kisa. Homescapes ni mnyweshaji Austin amerudi nyumbani kwa wazazi wake, jumba limechakaa, analikarabati chumba kwa chumba. Gardenscapes ni Austin huyohuyo, safari hii kwenye bustani. Ukishinda leveli unapata nyota, na nyota ndiyo inayonunua kazi: kufagia, kubadili kapeti, kuchagua kochi. Kazi ndogo inakula nyota moja, kubwa zaidi ya moja. Hapo ndipo ujue kisa ni mshahara na ubao ndiyo kibarua. Ukikwama leveli moja siku tatu, Austin naye anasimama siku tatu na ufagio mkononi.

Royal Match ya Dream Games ya Istanbul ilitoka 2021. Kisa chake ni chembamba kama uji wa mgonjwa: Mfalme Robert anapamba kasri, basi. Lakini haina matangazo ya kulazimishwa katikati, ubao unakwenda haraka, na inacheza bila intaneti. Kwa maelezo yako ningeanza na hiyo.

Gangilonga_Hapohapo

Mkuu hapo juu kamaliza la kisa, mimi niingie kwenye ubao.

Kukwama ghafla si bahati mbaya, na mara nyingi siyo kwamba gemu "inakuonea". Angalia idadi ya rangi. Chukua vipande vitatu vinavyodondoka kwa kubahatisha: ubao wa rangi nne, uwezekano wa vyote kuwa rangi moja ni 1 kati ya 16. Rangi tano ni 1 kati ya 25. Rangi sita ni 1 kati ya 36. Ukiongezewa rangi mbili tu, ile milipuko ya bure inayojipa yenyewe inapungua zaidi ya nusu. Leveli za mwanzo zinakubeba kwa sababu rangi ni chache na ubao uko wazi. Baadaye wanaongeza rangi, wanakata ubao vipande, wanakupunguzia hatua (mara unazoruhusiwa kusogeza vipande), na hapo ndipo mtu anasema gemu imebadilika.

Dawa yake ni kuacha kupanga vitatu. Kila unapopanga vitatu umekula hatua moja na hujabaki na kitu ubaoni. Tafuta nne na tano. Kwenye Homescapes na Royal Match nne kwa mstari zinatoa roketi, nne za mraba zinatoa kindege (Royal Match ni pangaboi), tano kwa umbo la L au T zinatoa bomu, na tano kwa mstari zinatoa ule mpira unaofuta rangi nzima. Kwenye Candy Crush nne kwa mstari ni pipi yenye mistari, L au T ni pipi iliyofungwa, tano kwa mstari ni bomu la rangi.

Kisha usizilipue mojamoja. Ziunganishe:
– Pipi ya mistari na iliyofungwa: inafuta mistari mitatu ya mlalo na mitatu ya wima kwa mpigo.
– Bomu la rangi na pipi ya mistari: pipi zote za rangi hiyo zinageuka za mistari na kulipuka. Huu ndio muungano unaofungua leveli ngumu nyingi.
– Kindege na bomu: kindege kinalibeba bomu hadi kwenye lengo. Kizuri pale sanduku la mwisho unalotakiwa kulivunja limejificha kwenye kona usiyoifikia.
– Mipira miwili ya rangi: ubao mzima. Ila kizuizi cha tabaka mbili au tatu kinavuliwa tabaka moja tu, usitarajie miujiza.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kwenye Candy Crush mwelekeo wa mistari unafuata jinsi ulivyosogeza pipi ya mwisho. Ukisogeza kwa mlalo inafuta mlalo, ukisogeza wima inafuta wima. Kabla hujaimalizia nne yako jiulize unataka kufuta wapi.

Makambako_Stesheni

Naongezea: cheza chini. Ukipanga chini ya ubao vipande vingi zaidi vinashuka, na vinaposhuka vinajipanga vyenyewe.

Gangilonga_Hapohapo

Kweli, ila siyo sheria ya kila leveli. Ukiwa umeshatengeneza bomu na mpira viko jirani, unasubiri kuvikutanisha, kucheza chini yake kunavitawanya. Hapo cheza juu yake. Pia kuna leveli za kushusha vitu: kitu kiko safu fulani na njia ya kutokea iko chini. Huko vita ni vya safu ile tu, futa vipande vilivyo chini ya kitu kwa wima, usihangaike na upande wa pili wa ubao hata kama kuna nne inakuita.

Na vinavyosambaa vishughulikiwe kwanza. Chokoleti ya Candy Crush inaongezeka kila unapocheza hatua bila kuvunja hata kipande kimoja cha chokoleti. Ukivunja kimoja, hatua hiyo haiongezeki. Mtu anayeiacha "nitarudi baadaye" anarudi na kukuta nusu ya ubao imeliwa. Kinyume chake ni kapeti la ubaoni kwenye Homescapes: hilo unataka lisambae, na linasambaa pale mpango wako unapogusa walau mraba mmoja ambao tayari una kapeti. Ukipanga nje ya kapeti umefuta rangi tu, kapeti halijasogea. Leveli za kapeti watu wanafeli kwa sababu hiyo moja.

Dada_wa_Ipogolo

Nawapinga kidogo kaka zangu. Mleta mada kasema mchezaji anataka kisa kisogee, ninyi mnampa Royal Match ambayo kisa hakuna. Mtu wa namna hiyo baada ya wiki atasema "sasa kasri limepambwa, halafu?" Gardenscapes ina watu wanaozungumza, kuna mbwa, kuna majirani, kuna eneo jipya la bustani linalofunguka na jambo lake. Ukichagua benchi au chemchemi, linabaki pale ulipolichagua. Kwa mtu mzima asiye na haraka hilo lina uzito kuliko kasi ya ubao.

Candy Crush kwa upande wa kisa usimpe kabisa. Ni ramani ndefu yenye leveli zaidi ya 10,000, wahusika wanapita tu. Ubao wake ndio bora kuliko zote hizi, hilo sibishi.

Kuhusu kunyanyaswa: zote nne zina mioyo mitano, ukifeli leveli unapoteza mmoja, na mmoja unarudi baada ya dakika 30. Yaani ukimaliza yote unasubiri saa mbili na nusu ili ijae. Hiyo inavumilika. Pale wanapokukamata ni kwingine kabisa: mfululizo wa ushindi. Ukishinda leveli kadhaa bila kufeli, leveli inayofuata inaanza na roketi na mabomu ya bure. Ukifeli zinaondoka. Sasa umebakiza sanduku moja, hatua zimeisha, skrini inakuonyesha vyote utakavyopoteza na kitufe cha kununua hatua tano. Kwenye Homescapes na Royal Match hatua hizo tano ni sarafu 900. Mtu anabonyeza kwa hasira, anafeli tena, na mara ya pili bei iko juu zaidi.

Kanuni ya asiyelipa: sarafu zitunzwe, zitumike pale tu unapoona kwa macho kwamba hatua mbili au tatu zinamaliza kazi. Ukibakiza masanduku manne, kubali umefeli.

Uyole_Njiapanda

Dada, shukrani, hapo kwenye mfululizo umenigusa penyewe. Na hili la kusogeza saa ya simu mbele ili mioyo ijae, mnasemaje? Na bila intaneti kweli zinacheza, au ni maneno?

Mwanjelwa_Vioo

Saa: kwa baadhi ya gemu inafanya kazi, lakini usiizoee. Ukirudisha saa, kihesabio kinaweza kukuandikia usubiri saa nyingi kuliko ulizokwepa. Halafu simu yenyewe inachanganyikiwa: WhatsApp inakugomea kwamba tarehe si sahihi, tovuti nyingi zinakataa kufunguka, kengele ya asubuhi inalia usiku. Kwa mioyo mitano haina faida.

Njia safi ni hii: kwenye Candy Crush, ukifungua leveli ukaona ubao umekaa vibaya, toka kabla hujacheza hatua hata moja. Moyo haupotei, na ukirudi vipande vimepangwa upya.

Bila intaneti zinacheza, kwa masharti. Kwanza, unachoshusha Play Store siyo gemu nzima. Vyumba na maeneo mapya yanashushwa taratibu unavyosonga mbele. Mtu anapanda treni ameshamaliza chumba, anafungua kinachofuata, gemu inadai intaneti, na kati ya Makambako na Mlimba ni mahandaki na milima, mtandao utautoa wapi? Siku moja kabla ya safari ifungue ukiwa na mtandao mzuri, iache dakika chache skrini ikiwa wazi ishushe inachotaka, kisha izime na kuifungua tena ukiwa umezima data. Ikikubali kuingia leveli inayofuata, uko salama.

Pili, ukiwa nje ya mtandao hupati mioyo ya wanakikundi, mashindano hayahesabu, na zile video za kutazama upewe zawadi hazitokei. Leveli zenyewe na nyota zinaendelea kama kawaida.

Kuhusu RAM GB 2: Homescapes na Gardenscapes ndizo nzito, hasa unapotoka kwenye ubao kurudi kwenye jumba au bustani, hapo ndipo simu ndogo inaganda au gemu inajifunga. Funga programu nyingine kabla, na acha nafasi ya kutosha kwenye hifadhi kwa sababu gemu inazidi kunenepa kila sasisho. Kwenye Play Store weka masasisho yafanyike kwa Wi-Fi tu, vinginevyo bando la wiki litaondoka usiku umelala. Na humohumo Play Store washa uthibitishaji wa nenosiri kwa kila ununuzi. Mtoto akiazimwa simu, kitufe cha sarafu ndicho cha kwanza kukipapasa.

Makete_Baridi

Kwa wa huku kwetu na Njombe: Juni na Julai betri inashuka haraka kwa baridi, simu inaweza kuzima ikiwa bado inasoma asilimia. Ikizima katikati ya leveli unaweza kukuta moyo umeondoka. Iweke mfuko wa ndani kwanza ipate joto, ndipo ucheze.

Na mlima Kitonga usicheze. Siyo mtandao, ni tumbo.

Makambako_Stesheni

Hakuna aliyetaja za zamani. Hizi zote ni wajukuu. Gemu inayoitwa Shariki, ya Mrusi mmoja, ilikuwepo 1994, Bejeweled ikaja 2001, Jewel Quest 2004. Jewel Quest ndiyo hasa ile ya kupanga na safari: unatembea kwenye magofu, kila mraba unaopanga juu yake unageuka dhahabu, ukigeuza ubao wote umepita, na unashindana na muda. Kama kuna kompyuta nyumbani, hata chakavu, gemu za kizazi hicho unanunua mara moja, hazina sarafu za kuuziwa wala kusubiri dakika 30. Hasara ni ule muda. Mtu asiyependa kukimbizwa hataipenda.

Uyole_Njiapanda

Kompyuta hakuna mkuu, ni simu tu. Naona tuanze na Gardenscapes, ikilemea simu tuhamie Royal Match. La mwisho: simu ikibadilishwa, bustani inahama?

Mwanjelwa_Vioo

Inahama kama umeunganisha akaunti kwenye mipangilio ya gemu kabla ya kuiacha simu ya zamani. Ukiifuta bila kuunganisha, unaanza leveli ya kwanza. Mpangilio uwe hivi: unganisha akaunti, washa data, fungua gemu kwenye simu ya zamani isubiri ipakie maendeleo, ndipo uingie simu mpya kwa akaunti ileile. Ikikuuliza uendelee na maendeleo yapi, soma namba ya leveli kabla ya kubonyeza. Ukichagua ile ya simu mpya, ya zamani inafunikwa.

Dada_wa_Ipogolo

Na usifute ya simu ya zamani mpaka uione bustani kwa macho kwenye mpya.